Jinsi ya kupima tija ya viwanda mkoa kwa mkoa Tanzania: mwongozo kamili

Takwimu za mikoa zikitoka, haichukui muda kabla hujasikia kwamba viwanda vya mkoa fulani vinachapa kazi na vya mkoa mwingine vimelala. Maneno hayo hayaishii vijiweni. Huingia kwenye taarifa za halmashauri, huamua mwekezaji apelekwe wapi, na humfanya kijana wa Musoma au Mtwara aamini kwamba kasoro iko kwao. Naamini wengi wanaosema hivyo hawajapiga hesabu inayostahili. Sehemu kubwa ya tofauti tunayoiona leo ilianza mezani, kati ya Azimio la Arusha la Februari 1967 na mwanzo wa miaka ya 1980, serikali ilipoamua kiwanda gani kijengwe wapi na kiuze kwa bei gani. Anayepima tija ya mkoa bila kuitenganisha historia hiyo anapima uamuzi wa wapanga mipango wa serikali, halafu anawabebesha lawama wafanyakazi.

Mwongozo huu ni wa mwanafunzi anayeandika tasnifu, ofisa mipango, au mwandishi wa habari za uchumi. Unahitaji programu ya majedwali, machapisho ya Ofisi ya Taifa ya Takwimu, na subira.

Hatua ya 1: Chora ramani ya mpango

Usianze na takwimu. Anza na karatasi yenye safu nne: kiwanda, mji, mwaka wa kuanza, na sababu ya kuwekwa hapo. Safu ya nne ndiyo ngumu, na ndiyo itakayokuokoa baadaye.

Utaona matabaka matatu. La kwanza ni la ukoloni: katani na reli ya Tanga kwenda Moshi, bandari ya Dar es Salaam, na viwanda vidogo vilivyoifuata reli. La pili ni la mgawanyo wa makusudi. Mpango wa Pili wa Maendeleo wa miaka mitano, 1969 hadi 1974, uliteua miji tisa ya kukuzwa ili Dar es Salaam isimeze kila kitu: Tanga, Arusha, Moshi, Mwanza, Tabora, Dodoma, Morogoro, Mbeya na Mtwara. La tatu ni la mkakati wa viwanda vya msingi uliopitishwa mwaka 1975, uliotaka nchi itengeneze yenyewe chuma, saruji, mbolea, karatasi na zana.

Sasa jaza safu ya sababu. Viwanda vya nguo vya Mwatex, Mwanza, na Mutex, Musoma, viliifuata pamba, na hiyo ni sababu inayoeleweka. Kiwanda cha karatasi cha Mgololo, Mufindi, kilichoanza katikati ya miaka ya 1980, kilifuata msitu wa misonobari na reli ya TAZARA iliyojengwa 1970 hadi 1975. Kiwanda cha mbolea cha Tanga kiliwekwa bandarini kwa sababu kilitegemea sana malighafi kutoka nje. Kwa hiyo fedha za kigeni zilipokauka, na chenyewe kilikauka, hata kama mafundi wake walikuwa hodari kiasi gani.

Morogoro inahitaji aya yake. Mji ule ulipewa rundo la viwanda kwa pamoja: ngozi, viatu, turubai, nguo, magunia. Kiwanda cha viatu kilijengwa kwa mkopo wa Benki ya Dunia, kikilenga hasa soko la nje. Kuta zake zilikuwa za alumini na hazikuwa na mfumo wa kupitisha hewa, katika joto la Morogoro. Hakikuwahi kuvuka takriban asilimia 4 ya uwezo wake uliosimikwa, na uzalishaji ulikoma mwaka 1990. Mtu akichukua takwimu za miaka ya 1980 na kusema kwamba wafanyakazi wa viwanda wa Morogoro walikuwa na tija ndogo, hesabu yake ni sahihi na maana yake ni ya uongo.

Hatua ya 2: Amua unapima tija ipi

Tumia thamani iliyoongezwa kwa kila mfanyakazi, yaani thamani ya bidhaa ukiondoa gharama ya malighafi, umeme, mafuta na huduma zilizonunuliwa. Usitumie thamani ghafi ya uzalishaji. Taarifa za enzi ya mpango, yaani miaka ambayo serikali ndiyo iliyopanga viwanda na bei, ziliipenda thamani ghafi kwa kuwa ilionyesha lengo limefikiwa, lakini kiwanda kinachonunua nyuzi ghali na kuzifuma kidogo tu huonekana kikubwa kwa thamani ghafi huku kikiwa hakijaongeza karibu chochote.

Ukiweza kupata saa za kazi, gawanya kwa saa badala ya vichwa. Viwanda vya korosho na sukari hufanya kazi kwa msimu, na mtu wa miezi minne hapaswi kuhesabiwa sawa na mtu wa mwaka mzima. Usipozipata, badili wafanyakazi wa msimu kuwa wa mwaka: watu 300 wa miezi minne ni sawa na watu 100 wa mwaka. Vibarua nao wahesabiwe. Kiwanda kinachoorodhesha wafanyakazi 80 wa kudumu huku vibarua 200 wakisimama getini kila asubuhi kitaonekana na tija ya ajabu ambayo hakina.

Hatua ya 3: Kusanya na kusafisha

Chanzo kikuu ni tafiti za mwaka za uzalishaji viwandani pamoja na Sensa ya Uzalishaji Viwandani ya mwaka 2013. Ongeza takwimu za pato la mikoa. Kwa enzi ya mpango, tafuta taarifa za mashirika ya umma yaliyokuwa chini ya Shirika la Maendeleo la Taifa (NDC) na ndugu zake, kwenye maktaba za vyuo na Nyaraka za Taifa.

Kabla ya kukokotoa, safisha mambo manne.

Mipaka ndiyo huwaangusha wengi. Manyara ilikatwa kutoka Arusha mwaka 2002. Geita, Katavi, Njombe na Simiyu zilizaliwa 2012. Songwe ilitoka Mbeya mwaka 2016. Kiwanda cha fosfeti cha Minjingu, wilayani Babati, kimo ndani ya Arusha katika vitabu vya miaka ya 1980 na ndani ya Manyara katika vitabu vya sasa, ingawa hakijasogea hata hatua moja. Ukilinganisha Arusha ya 1985 na Arusha ya 2015 bila kurekebisha, unalinganisha maeneo mawili tofauti. Njia salama ni kuirudisha mikoa mipya ndani ya mikoa mama kwa mfululizo wote wa miaka. Iringa ibaki na Njombe yake hadi mwisho wa jedwali.

Jambo la pili ni makao makuu. Kampuni ya Bia Tanzania ina viwanda Dar es Salaam, Arusha, Mwanza na Mbeya, lakini makao yake yako Dar es Salaam. Kama takwimu zako zimekusanywa kwa kampuni na si kwa kiwanda, jasho la Mbeya litaandikwa Dar es Salaam. Soma maelezo ya mbinu mwanzoni mwa kila chapisho, na kama kipimo ni kampuni, gawa thamani kwa uwiano wa wafanyakazi au wa uzalishaji wa kila kiwanda, kisha useme wazi umefanya hivyo.

Tatu, ondoa madini. Katika takwimu zetu neno viwanda mara nyingi hubeba uchimbaji, umeme na maji pamoja na utengenezaji wa bidhaa. Mgodi mmoja wa dhahabu wa Geita unaweza kuufanya mkoa uonekane wa kiviwanda kuliko Tanga. Chukua utengenezaji peke yake, ukitumia uainishaji wa kimataifa wa shughuli za kiuchumi hadi tarakimu mbili: 10 ni chakula, 11 vinywaji, 13 nguo, 23 ni saruji na jamii yake.

Nne, angalia ukubwa. Kama utafiti wa mwaka mmoja umegusa viwanda vyenye wafanyakazi 10 na zaidi tu, na wa mwaka mwingine umegusa hata mashine za kusaga za mtaani, usiziweke kwenye mstari mmoja.

Kisha hakiki kwa ushahidi usiotegemea fomu. Januari 2018 serikali ya Mongolia ya Ndani, nchini China, ilikiri kwamba takriban asilimia 40 ya thamani ya viwanda vikubwa iliyotangazwa kwa mwaka 2016 haikuwepo. Nchi zilizozoea kupewa malengo kutoka juu hubaki na ugonjwa huo kwa muda mrefu. Linganisha thamani iliyotangazwa na umeme uliotumika kwa wateja wakubwa wa mkoa, pamoja na tani zilizosafirishwa. Thamani ikipanda mara mbili na umeme ukashuka, simama uulize.

Hatua ya 4: Shughulika na bei

Kwa miaka kabla ya 1986, hatua hii ni nusu ya kazi nzima. Tume ya Bei iliyoundwa mwaka 1973 ilipanga bei kwa kuangalia gharama za kiwanda na kuongeza faida kidogo. Maana yake ni kwamba kiwanda cha gharama kubwa kiliweza kupewa bei kubwa, na thamani iliyoongezwa ikaonekana nene kwenye karatasi. Juu ya hapo, shilingi ilishikiliwa juu ya thamani yake: dola moja ilikuwa takriban shilingi 17 mwanzoni mwa 1986, na kufikia mwisho wa mwaka ule ilikuwa imevuka 50. Kiwanda kilichopewa kibali cha kuagiza malighafi kutoka nje kwa kiwango cha zamani kilipokea ruzuku ambayo haikuandikwa popote, wakati kiwanda cha Mwanza kilichotumia pamba ya nyumbani hakikuipata kwa kiasi hicho.

Kwa hiyo fanya hesabu mara mbili. Ya kwanza kwa bei zilizokuwepo. Ya pili kwa wingi halisi, yaani tani, mita za kitambaa au jozi za viatu, ukizizidisha kwa bei za mwaka mmoja wa baadaye ambao soko lilikuwa huru kiasi, kwa mfano katikati ya miaka ya 1990. Malighafi uzifanyie vivyo hivyo. Ukiona thamani ya kiwanda imekuwa hasi katika hesabu ya pili, usidhani umekosea kubonyeza. Viwanda vya namna hiyo vilikuwepo kwelikweli: vilipokea vitu vya thamani kubwa na kutoa vya thamani ndogo zaidi.

Weka pia safu ya kiasi cha uwezo kilichotumika. Baada ya kuvunjika kwa Jumuiya ya Afrika Mashariki 1977, vita vya Kagera vya 1978 na 1979, na kupanda kwa bei ya mafuta, vipuri na malighafi viliadimika, na viwanda vingi nchini vilifanya kazi chini ya theluthi ya uwezo wao. Mfanyakazi aliyekaa miezi mitatu akisubiri kipuri alihesabiwa kama mfanyakazi. Tija ndogo ya namna hiyo ni ya nchi nzima. Haina mkoa.

Hatua ya 5: Tenganisha muundo na ufanisi

Hapa ndipo moyo wa mwongozo ulipo, na hesabu yenyewe ni nyepesi. Namba zifuatazo ni za kufundishia tu, si za mkoa wowote.

Tuseme nchi ina aina tatu za viwanda. Mfanyakazi wa nguo anaongeza shilingi milioni 5 kwa mwaka, wa chakula milioni 12, wa saruji milioni 60. Wafanyakazi wamegawanyika asilimia 40, 50 na 10. Wastani wa taifa ni 2 + 6 + 6, yaani milioni 14.

Mkoa wa Kwanza una asilimia 70 ya wafanyakazi kwenye nguo na 30 kwenye chakula. Hauna saruji. Tija yake kwenye nguo ni milioni 6, kwenye chakula 13. Wastani wake ni 4.2 + 3.9 = milioni 8.1. Magazeti yataandika kwamba mkoa huu uko nyuma ya taifa kwa karibu milioni 6.

Mkoa wa Pili una asilimia 10 nguo, 60 chakula, 30 saruji. Tija yake ni milioni 4, 10 na 55. Wastani: 0.4 + 6 + 16.5 = milioni 22.9. Huu utapewa kombe.

Sasa uliza swali moja: kila mkoa ungekuwa na tija gani kama kila kiwanda chake kingefanya kazi kwa kiwango cha kawaida cha taifa? Zidisha mgawanyo wa wafanyakazi wa mkoa kwa tija ya taifa. Mkoa wa Kwanza: 3.5 + 3.6 = 7.1. Wa Pili: 0.5 + 7.2 + 18 = 25.7.

Namba hizo tuziite matarajio ya mkoa. Ukitoa wastani wa taifa kwenye matarajio ya mkoa unapata athari ya muundo, yaani ya mchanganyiko wa viwanda vyake: 7.1 kutoa 14 ni hasi 6.9 kwa Mkoa wa Kwanza, na 25.7 kutoa 14 ni chanya 11.7 kwa wa Pili. Ukitoa matarajio kwenye tija halisi unapata ufanisi wa mkoa wenyewe: chanya 1.0 kwa wa Kwanza, hasi 2.8 kwa wa Pili. Mkoa uliokuwa unadharauliwa unafanya kazi vizuri kuliko taifa katika kila aina ya kiwanda ulichonacho. Uliopewa kombe uko chini ya taifa katika kila aina, ila umebahatika kuwa na saruji.

Mtwara ni mfano hai wa jinsi kiwanda kimoja kinavyoweza kugeuza picha. Kusini ndiko hasa serikali ilikojenga viwanda vya kubangua korosho, kwa mikopo mikubwa. Mavuno yakaporomoka, kutoka zaidi ya tani 140,000 msimu wa 1973/74 hadi chini ya tani 20,000 msimu wa 1986/87, na moja ya sababu ni kwamba wakulima walihamishiwa vijijini mbali na mikorosho yao. Viwanda vikakaa bila korosho. Halafu mwaka 2015 Dangote akafungua kiwanda cha saruji chenye uwezo wa tani milioni 3 kwa mwaka. Ubanguaji huajiri mikono mingi kwa thamani ndogo, saruji huajiri wachache kwa mitambo mikubwa. Wastani wa mkoa ukiruka baada ya 2015, mbanguaji wa korosho hajawa na maisha tofauti hata kidogo. Kwa mkoa wa aina hii toa matokeo mawili kila mara, lenye kiwanda kikubwa na lisilo nacho.

Hatua ya 6: Linganisha sukari na sukari

Hesabu ya hatua ya tano inakuambia kuna tofauti ya ufanisi. Haikuambii inatoka wapi. Chagua bidhaa moja inayotengenezwa katika mikoa kadhaa, uifuatilie. Kwetu sukari ni zawadi kwa mtafiti: TPC iko Kilimanjaro, Kilombero na Mtibwa ziko Morogoro, Kagera Sugar iko Missenyi, mkoani Kagera. Bidhaa ni moja na mlaji ni mmoja.

Kisha orodhesha vinavyotofautiana. TPC inamwagilia miwa yake. Kagera ilipigwa na vita vya 1978 na 1979 na iko mbali kabisa na bandari. Kilombero ilibinafsishwa mwaka 1998, TPC mwaka 2000. Ukiona tija imepanda baada ya ubinafsishaji, jiulize imepandishwa na nini: mitambo mipya, aina mpya ya miwa, au kupunguzwa kwa watu. Vyote vitatu hupandisha tija, ila kwa mwananchi wa Moshi au Kilombero havina uzito sawa.

Baada ya sukari jaribu saruji, kisha bia. Hapo umeme ukaguliwe kwa makini. Kagera kwa miaka mingi ilipata umeme kutoka Uganda, Kigoma ilitegemea jenereta za mafuta, na Mtwara ilikuwa na umeme wa gesi yake ya Mnazi Bay nje ya gridi ya taifa. Mwaka wa mgao mkali, kama 2006, mikoa iliyo ndani ya gridi inaweza kushuka kwa sababu isiyohusiana na viwanda vyake.

Hatua ya 7: Wahesabu waliofunga

Ni hatua fupi, na karibu kila ripoti inairuka. Kuanzia 1993 Tume ya Kurekebisha Mashirika ya Umma (PSRC) iliuza, iligawa na kufunga mamia ya mashirika. Kiwanda kikifungwa, hutoka kwenye takwimu pamoja na wafanyakazi wake, na wastani wa waliobaki hupanda. Ujerumani Mashariki ilipitia jambo hilo kwa ukali zaidi baada ya muungano wa fedha wa tarehe 1 Julai 1990: tija ilipanda haraka, na sehemu ya kupanda huko ilikuwa ni viwanda kufungwa na mamilioni ya watu kubaki bila kazi.

Kwa hiyo pembeni ya tija weka ajira ya viwandani kwa kila wakazi 1,000 wa mkoa. Mkoa uliopandisha tija huku ajira ikiporomoka usiuweke kundi moja na uliopandisha vyote viwili. Tanga ya miaka ya 1990 na Pwani ya miaka ya karibuni, yenye viwanda vipya Kibaha, Mkuranga na Chalinze, zisisomwe kwa kipimo kimoja.

Hatua ya 8: Nenda kiwandani

Omba kibali mapema kwa barua ya chuo au ya ofisi, kupitia kwa katibu tawala wa mkoa. Ukifika, msalimu meneja, kisha uombe kukaa na fundi mkuu wa mitambo, hasa yule aliyekuwepo tangu kabla ya kubinafsishwa. Muulize mashine ilisimama mara ngapi mwezi uliopita na kwa nini. Omba kuona daftari la zamu. Uliza malighafi inatoka wilaya gani, lori linachukua siku ngapi, na kipuri kikiharibika kinaagizwa wapi. Majibu yake yaweke karibu na safu ya nne ya karatasi uliyoanza nayo. Mara nyingi utakuta sababu iliyoandikwa na wapangaji mwaka 1975 ndiyo hiyohiyo inayosimamisha mashine leo: maji hayatoshi, reli haipiti, au soko liko upande mwingine wa nchi.

Kuandika matokeo

Usichapishe orodha ya mikoa kutoka wa kwanza hadi wa mwisho. Kwa kila mkoa toa namba tatu pamoja: tija halisi, athari ya muundo, na ufanisi wake. Chini yake andika sentensi mbili za historia, kiwanda gani kilijengwa, lini na kwa uamuzi wa nani. Taja mwaka wa bei uliotumia, namna ulivyorudisha mikoa mipya kwenye mikoa mama, na namna ulivyowahesabu vibarua. Jedwali la takwimu ghafi liambatanishwe zima, ili ofisa mipango wa Mara au wa Tabora aweze kuirudia hesabu ya mkoa wake mwenyewe na kukuambia palipo na kasoro.